Mihuri ya posta ya vijiji vya Wales: bahasha nzima au stempu peke yake?

Mpenda_Stempu
Wakuu, heshima kwenu. Nakusanya barua za zamani za vijiji vya Wales, hasa vya kuzunguka mji wa Bala. Kwenye bahasha za miaka ya 1850 stempu imegongwa mhuri wa namba tu. Nitajuaje barua imetoka kijiji gani? Na je, nibandue stempu?

Bahasha_Nzima
Usibandue hata moja! Kwa kawaida posta ndogo ya kijijini haikugonga juu ya stempu. Barua ilipelekwa posta ya mji, na huko ndiko ulikogongwa mhuri wa namba, ulioanza kutumika 1844. Namba hiyo ni ya mji. Kijiji kiligonga jina lake tu, mara nyingi bila tarehe, pembeni au nyuma ya bahasha. Ukibandua stempu, kijiji umekitupa.

Nyuma pakiwa patupu, soma barua yenyewe. Mwandishi huanza na jina la shamba au kijiji. Kisha fungua ramani za zamani za Ordnance Survey (idara ya ramani ya Uingereza) kwenye tovuti ya maktaba ya taifa ya Scotland, ni bure, utafute herufi P.O. (Post Office, yaani posta) zilizo karibu na jina hilo.

Mzee wa Mihuri
Naongezea suala la majina, maana ndiko wengi wanakopotea. Vijiji vinavyoitwa Llanfihangel viko vingi mno, kwa hiyo usinunue kabla hujaona jina la mji au kaunti. Tahajia nazo zimebadilika: Dolgelley sasa ni Dolgellau, Portmadoc ni Porthmadog, Carnarvon ni Caernarfon. Kwenye minada ya mtandaoni tafuta kwa tahajia zote mbili, ya zamani hasa.

Postikadi zina mtego wake. Picha ya kijiji haithibitishi kwamba kadi ilitumwa kutoka hapo. Mtalii aliweza kuinunua Bala akaiposti Chester, mji wa England. Daima omba picha ya upande wa anwani. Kadi ya nusu peni ni ya kabla ya Juni 1918, gharama ya kuituma ilipopanda kuwa peni moja.

Mpenda_Stempu
Shukrani sana. Na mihuri ya zambarau iliyofifia?

Mzee wa Mihuri
Hiyo ni ya mpira. Posta ndogo zilianza kupewa miaka ya 1880. Mpira huchakaa haraka kuliko chuma, herufi zikavimba na kuungana. Skani kwa rangi kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi), kisha ongeza utofauti wa rangi kwenye kompyuta, jina hujitokeza.

Bahasha_Nzima
Hifadhi kwenye mifuko ya poliesta. Plastiki ya PVC ikae mbali kabisa: kilainishi chake huhamia kwenye karatasi na wino. Maelezo andika kwa penseli kwenye ukurasa wa albamu, kamwe si kwenye bahasha.

Na kwa kuwa uko eneo la Bala: mihuri ya Capel Celyn, kijiji kilichozamishwa 1965 ili Liverpool ipate maji, hutafutwa sana. Muuzaji asiyeonyesha pande zote mbili, achana naye.