Nimepewa kisu bure nikiandikie tathmini, niandikeje bila kupotosha watu?

MpishiShughuli: Wakuu, salaam. Napika kwenye shughuli hapa Tanga. Mwenye duka kanipa kisu cha Kijapani cha inchi 8, nikitumie kisha niandike maoni. Siku ya kwanza kilipita kwenye nyanya bila kuibonyeza. Wiki ya tatu, baada ya kachumbari ya harusi mbili, ngozi ya nyanya inakigomea. Pia kimepata pengo dogo kwenye makali, nadhani ni siku nilipokatia mifupa ya mbuzi. Je, kisu ni kibaya au mimi ndiye nimekosea? Na hilo pengo nilitaje?

MnoaVisu: Litaje, na mifupa uitaje. Ugumu wa chuma hupimwa kwa kipimo cha Rockwell, namba ikipanda chuma ni kigumu zaidi. Visu vingi vya jikoni vya Kijerumani viko 56 hadi 58, vya Kijapani vingi ni 60 na kuendelea. Chuma kigumu kinakaa na makali muda mrefu, lakini kikikutana na mfupa hakipindi, kinameguka. Ukiandika tu "kimepata pengo" umemwonea mtengenezaji, na ukinyamaza, kuna mama atanunua akakatie supu.

Halafu usiandike lolote kuhusu makali kabla hujakinoa mwenyewe. Makali ya siku ya kwanza ni kazi ya mnoaji wa kiwandani. Weka kinoo, hesabu dakika ulizotumia mpaka kikakata karatasi tena, kisha uone kinadumu siku ngapi. Mimi hapo ndipo huwa najua nimeshika chuma gani.

DadaWaFeri: Mpini jamani! Watu wanaandika makali tu. Mimi nasafisha samaki, mkono una utelezi tangu asubuhi. Kishike ukiwa na mafuta mkononi, uone kama kinateleza kuelekea kwenye makali. Na useme mkono wako ni mkubwa au mdogo.

MpishiShughuli: Asante dada, hilo sikuliwaza kabisa. Na hili la kupewa bure?

Babu_Kazi: Mstari wa kwanza, mwanangu, kabla ya sifa yoyote. Msomaji akiligundua baadaye, hata ukweli wako atautilia shaka.

Taja pia aina kamili. Opinel namba 8, kile kisu cha kukunja cha Kifaransa, kwa mfano, ipo ya Carbone (chuma cha kaboni) na ya Inox (chuma cha pua). Ya Carbone ukiiacha na limau inabadilika rangi na kushika kutu, Inox inavumilia. Nimesoma watu wakibishana kurasa nzima kuhusu kutu, kumbe kila mmoja ana chuma chake.

MpishiShughuli: Nimempigia mwenye duka, kasema niandike vyote. Jumamosi nakinoa, nitapiga picha ya pengo. Nimeanza hivi, mniambie kama pana kasoro: "Kisu hiki nimepewa bure na muuzaji. Nimekitumia wiki tatu, zaidi kwa vitunguu, nyanya na kabichi. Nilikatia mifupa ya mbuzi mara moja, na pengo mnaloliona pichani nadhani limetokana na hapo."

MnoaVisu: Ongeza ulikuwa unakatia juu ya nini. Ubao au sinia?

MpishiShughuli: Sinia la bati, mkuu. Naliandika sasa hivi.