MJADALA: Kesi ya uhaini iingie kwenye kitabu cha watoto cha Bibi Titi?

Mtoa mada: Mwanahabari anayeandika kitabu cha picha juu ya Bibi Titi Mohamed, kiongozi wa wanawake wa TANU (chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika), kwa watoto wa miaka 7 hadi 9 aishie wapi? Wengi wanataka aishie Uhuru, 1961. Nasema kesi yake ya uhaini ya 1970 iingie. Shida ni kwamba wanahabari humsomea mtoto taarifa ya habari.

Kalamu Nyekundu: Hapo umetukosea heshima. Mwanahabari hathubutu kuandika tarehe kabla ya kuihakiki. Ninyi wa "hapo zamani za kale" ndio mnaowajaza watoto mashujaa wasio na mwaka wala mtaa.

Shangazi Hadithi: Kuhakiki nakupa, mwanangu. Lakini tazama sentensi zenu: "Alikamatwa, akashtakiwa, akahukumiwa." Mtoto atauliza, na nani? Kauli ya kutendwa imemficha mtendaji. Andika: "Serikali ilimshtaki kuwa alitaka kuipindua. Bibi Titi alikana." Maneno manane, na neno uhaini halijahitajika.

Mtu wa Pwani: Alifungwa maisha, akatoka 1974. Mtoto wa miaka 7 mnampa kifungo cha maisha?

Kalamu Nyekundu: Si 1974! Hukumu 1971, msamaha wa Mwalimu 1972. Ndiyo maana tunahakiki.

Fundi Chapa: Mnagombania nafasi ambayo hamjaipima. Kurasa 32 ni karatasi mbili kubwa, kila moja ikikunjwa inatoa kurasa 16. Ukitoa jina la kitabu na haki za uchapaji, unabaki na jozi 14 za kurasa zinazotazamana. Maneno 600 yakigawanywa humo ni kama 43 kwa jozi. Anayeleta maneno 2,000 anamlazimisha mchoraji abanwe pembeni. Kesi ipeni jozi ya 12, si ya mwisho, la sivyo mtoto anafunga kitabu mama wa watu yumo gerezani. Ya 13 atoke, ya 14 iwe barabara ya Dar es Salaam yenye jina lake. Na uso wake usikae katikati, mkunjo utaumeza.

Shangazi Hadithi: Na lelemama, ngoma ya wanawake wa pwani, iko wapi hapo? Bibi Titi alikuwa mwimbaji wa ngoma. 1955 alipowaita wanawake TANU aliwafuata kwenye vikundi vyao, ambavyo tayari vilikuwa na viongozi, michango na sare. Hapo ndipo mtoto anaona alivyofanya. Lelemama inastahili jozi tatu.

Mtu wa Pwani: Ngoma kwenye kitabu cha shule? Wazazi watakirudisha.

Shangazi Hadithi: Wazazi gani, ndugu yangu? Bibi zao ndio waliocheza! Ukiifuta lelemama, umati wote wa jukwaani unaonekana umedondoka kutoka mbinguni.

Mtu wa Pwani: Hotuba zake zinatosha.

Kalamu Nyekundu: Hotuba haichoreki jozi tatu. Utachora mdomo wazi mara tatu? Kwa hili nipo na Shangazi.

Mtoa mada: Jamani, na kesi?

Mtu wa Pwani: Kesi iwekeni. Ngoma ndiyo siikubali.