Kwa nini bado tunapiga picha kwa kamera za mkanda?

Muulizaji, Moshi: Ndugu zangu, ikiwa simu inapiga picha bila kikomo, ni nini kinachowarudisha kwenye mkanda wenye picha 36 pekee?

Mchangiaji, Arusha: Ni namna negativu (mkanda ambao picha yake hutokea kinyume, penye mwanga pakiwa peusi) inavyopokea mwanga mkali. Theluji ya Kibo (kilele cha Kilimanjaro), ambayo katika kamera ya dijitali hugeuka doa jeupe tupu mwanga unapozidi, kwenye negativu hubaki na mikunjo na vivuli vyake. Naipenda mno sifa hiyo.

Mchangiaji wa pili: Ni kweli, ila mkanda wa slaidi (ule ambao picha yake hutokea moja kwa moja kwa rangi zake halisi) hauvumilii mwanga uliozidi.

Mchangiaji wa tatu, Moshi: Kwangu mimi ni kusafisha picha nyeusi na nyeupe mwenyewe nyumbani, tena, zikibaki picha chache, humtazama mtu kwa makini kabla ya kumpiga picha.