Kuzingirwa ngomeni: Ukuta wa Mawe, Ukuta wa Nguvu au Zindiko?

BawabuWaLango:
Wakuu habari za saa hizi. Tunacheza D&D (Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu) toleo la 5, kanuni za 2014. Pati yetu imekabidhiwa ngome ndogo tuilinde, adui anafika baada ya siku kumi za mchezo, ana trebusheti (mitambo ya kurusha mawe) kadhaa, askari kibao, na mchawi mmoja anayejua teleporti, yaani kutoweka hapa na kutokea kule. Sisi tuna mchawi wa levo 11 na kasisi wa levo 11, waliobaki ni watu wa mapanga tu. Tumebishana wee, mmoja anataka Ukuta wa Mawe, mwingine Ukuta wa Nguvu, kasisi naye anasema kuta tuachane nazo tuweke Zindiko, ile kinga inayoziba teleporti. Nyie mngeanza na ipi? Na tafadhali msiniambie "zote", sloti (nafasi za kutumia uchawi kwa siku) hazitoshi.

KokotoGumu:
Mawe. Ni uchawi wa levo 5, unapata vipande kumi vya futi 10 kwa 10, unene inchi 6, na mchawi akishika umakini (kuukazia akili uchawi huo) dakika 10 zote bila kukatika basi ukuta unabaki hapo jumla, hata Kutangua Uchawi hakuugusi tena. Sasa piga hesabu, levo 11 ana sloti mbili za levo 5 na moja ya levo 6, akipumzika kidogo mchana anajirudishia moja ya levo 5, hizo kuta nne kwa siku, yaani futi 400, kwa siku kumi ni futi 4,000 na asubuhi ya vita sloti zake zote ziko pale pale kama hajafanya kitu. Unaweza hata kuuchonga uwe na meno ya kujificha wapiga mishale. Huo wa Nguvu leo utakufanyia nini? Hakuna.

MkaaDarini:
Kokoto bana, inchi 6 za mawe hicho ni kiambaza sio ngome 😂 Kila inchi ina HP (pointi za uhai) 30 kwa hiyo kipande kizima 180, trebusheti inarusha 8d10 (dadu nane za pande kumi), wastani 44, yakitua mawe matano kipande kimekwenda na DM (mwendesha mchezo) anaruhusiwa kuangusha na vya jirani.

Ukuta wa Nguvu hauna HP. Haudhuriki na kitu chochote, Kutangua hakuuondoi, dawa yake ni Kusambaratisha tu ambayo ni levo 6. Na hauonekani, hapo ndo kuna utamu wenyewe. Kwenye meza yetu lango lilishavunjwa, askari wamejaa kwenye pengo wanasukumana, mchawi wetu akaushusha katikati ya lile kundi, kanuni inasema aliyekatizwa na ukuta anasukumwa upande mmoja na anayechagua upande ni wewe. Waliotangulia wakabaki ndani peke yao. Wa nyuma wanawaona wenzao wanachinjwa hatua mbili mbele yao, wanapapasa hewa, wanapiga shoka hewa, na waliokuja nyuma yao zaidi hawajui kinachoendelea wanazidi kuwasukuma. DM aliweka dadu chini akatuangalia tu.

KasisiMvivu:
Kasisi wenu ana akili kuwazidi. Kwanza Zindiko halili sloti za mchawi hata kidogo, hivyo huo ubishi wenu wa sloti nusu yake haupo. Pili, ni levo 6 lakini inafanyika kama tambiko, anaongeza dakika 10 juu ya zile 10 za kawaida na sloti yake haiguswi. Futi za mraba 40,000, kimo futi 30, inakaa siku nzima. Mtu hateleporti kuingia humo wala hapiti kwenye lango la kutoka ulimwengu mwingine.

Unga wa yakuti nyekundu wa vipande 1,000 vya dhahabu lazima uwe nao, ila watu wanaogopa bure, hauliwi kila siku, unaliwa ukimaliza kurudia siku 30 mfululizo pale pale ndo kinga inakuwa ya kudumu. Nyie kwa siku kumi mtautumia na bado mtabaki nao mfukoni.

Ubaya wake ni kwamba askari wa kawaida hawasikii chochote, maumivu yake ya 5d10 yanawapata aina utakazochagua, mashetani, maiti wanaotembea, viumbe vya asili kama moto na upepo. Na mwenzenu akitoka kwa teleporti kwenda kuomba msaada kurudi itabidi apite langoni kama watu wengine, labda asimame nje ya eneo.

BabuWaDadu:
Vijana mnabishania vitu vya nyakati mbili tofauti. Mawe ni kazi ya kabla ya adui kufika. Nguvu ni kazi ya saa ile lango linapovunjika. Havigombani.

Tatizo la Ukuta wa Nguvu ambalo Mkaa kaliruka ni kwamba umebebwa na kichwa cha mtu mmoja. Dakika 10, umakini, na kila akiumia anarusha dadu, shabaha ni 10 au nusu ya maumivu, ipi kubwa. Mchawi mwenyewe yuko juu ya mnara kila mtu anamwona. Adui mwenye akili haupigi ukuta, anampiga aliyeushika, na akishaushika Nguvu hawezi kushika uchawi mwingine wa umakini kwa wakati mmoja. (Ukuta wa Upepo wa kuzuia mishale msiutegemee, haumo kwenye orodha ya mchawi, tena ni dakika moja, mishale inapeperushwa juu lakini mawe ya trebusheti yanapita kama hayajaona kitu.)

Haya mambo ya uchawi na mitambo ya vita yametoka mbali by the way. Kwenye Chainmail ya 1971 (kanuni za mchezo wa vita vya vinyago), ya Gary Gygax na Jeff Perren, kabla hata D&D haijatoka, mpira wa moto wa mchawi ulihesabiwa eneo lake kama jiwe la mtambo mkubwa. Mchawi alikuwa mzinga wenye miguu. Kwa hiyo mtafuteni mzinga wa adui kwanza, ndo mjue mnajikinga na nini.

MkaaDarini:
Sawa babu ila huyo mzinga wenye miguu akiwa na uchawi wa kutoboa njia ukutani, levo 5, anachimba futi 20 kwenda ndani na njia inakaa saa nzima. Inchi 6 za Kokoto zitamchekesha.

KokotoGumu:
Anatoboa tundu la upana futi 5, wanapita mmoja mmoja, nani kakwambia nyuma ya ukuta hakuna watu? Na nina futi 4,000 bana, nazungusha tabaka tatu, akitoboa aendelee kutoboa, kila sloti anayoitumia kwenye ukuta ni mpira wa moto ambao hajaurusha.

KasisiMvivu:
Bawabu hiyo ngome imekaa juu ya nini? Maana Ukuta wa Mawe lazima uungane na mawe yaliyopo na yaubebe, sio unauota popote.

BawabuWaLango:
Udongo mtupu 😩 boma ni la magogo. Kuna mnara mmoja wa mawe katikati, na mwamba upande wa mto.

KokotoGumu:
Basi anzeni mnarani mje nje, kipande kinashika kipande. Ulioumaliza jana ukishakuwa wa kudumu ni mawe kama mawe mengine, wa leo unaungana nao. Futi zitapungua kwa sababu utakuwa unajenga kama miale kutoka katikati badala ya duara, ila siku ya tatu au nne ushafika kwenye mwamba. Magogo yaacheni mbele yawacheleweshe.

BabuWaDadu:
Na Zindiko lianze siku moja kabla, msisubiri muwaone.

BawabuWaLango:
Asanteni wakuu. Yaliyobaki njooni PM, DM wetu naye ni memba humu na nimeona kashalaiki posti ya Mkaa ya kutoboa ukuta.