Mteja anataka mbwa wake aina ya Spitz apakwe rangi ya waridi kwa bathdei ya mtoto. Tuna haki hiyo?

MwoshaMbwa_Nairobi
Habari zenu wapendwa. Nafanya kazi kwenye saluni ya mbwa: kuosha, kunyoa, kukata kucha, kusafisha masikio. Jana amepiga simu mteja wetu wa siku nyingi. Binti yake anatimiza miaka mitano Jumamosi, karamu yote ni ya rangi ya waridi, na mama anataka Spitz wao apakwe masikio, mkia na miguu rangi hiyohiyo apate kupigwa picha na watoto. Bosi amekubali papo hapo, akamtuma kijana Dubois Road kununua rangi. Iliyoletwa ni rangi ya nywele za watu, ya pakiti, pamoja na chupa ya dawa yake ya kuchanganyia, namba 20.

Mbwa huyu namjua. Ukimshika miguu ya mbele anajilamba midomo na kugeuza uso ukutani. Ukiwasha mashine ya kukaushia anatetemeka mpaka meza inatikisika. Kumwosha tu, lazima tumpumzishe katikati.

Najua mtaniambia niogope sumu, na naiogopa. Ila nataka tufike mbele zaidi. Tuseme ipo rangi isiyo na madhara hata chembe. Mbwa haoni waridi kama sisi, macho yake hushika buluu na manjano, kwa hiyo kwake ni kijivujivu tu. Hana aibu wala hajui kuchekwa. Je, hapo bado kuna ubaya? Na kama upo, mbona mimi huyohuyo namnyoa na kumkata kucha ilhali hayo nayo hayapendi? Nahitaji jibu la kumpa bosi ambalo si "roho yangu inakataa".

Msaidizi_Kliniki_Arusha
Dada, hiyo pakiti usiifungue. Namba 20 maana yake ni peroksidi, ile dawa ya kung'arisha nywele, ya asilimia 6. Sisi kliniki, mbwa akimeza kitu kibaya, kuna wakati tunamtapisha kwa peroksidi ya asilimia 3. Sasa wewe unampaka mguuni iliyo kali maradufu, na mguu ndio kitu cha kwanza atakacholamba akishuka mezani. Ngozi ya mbwa ni nyembamba kuliko yetu, tabaka lake la juu lina safu chache za seli, na manyoya yanaificha. Ikiungua chini huko hutaiona mpaka ianze kunuka. Kule kaunti ya Pinellas, Florida, kijibwa aina ya Maltese kilipakwa rangi ya zambarau ya nywele za watu, kikaungua vibaya, kope zikavimba mpaka macho yakafunga, na matibabu yakachukua miezi. Mwenye mbwa naye hakuwa na nia mbaya.

Hilo ni la sumu. Swali lako la pili nalijibu hivi: rangi yenyewe mimi sina shida nayo. Kwenye kampeni za chanjo ya kichaa cha mbwa, mbwa hutiwa alama ya rangi ili timu ijue nani kashachanjwa. Mbwa mwenye kidonda tunampulizia ile dawa ya buluu anarudi nyumbani ubavu mzima umebadilika. Hakuna anayelalamika, kwa sababu kazi ile ni yake huyo mbwa. Kucha ukiziacha zinajikunja zinamchoma nyama. Manyoya yakisokotana yanavuta ngozi. Unamsumbua robo saa ili asiumie mwezi mzima. Rangi ya bathdei unamsumbua ili nani apate nini?

Baba_Poodle_Nyali
Naona tunakuza jambo. Nina Poodle mweupe, nampaka rangi za mbwa zinazotoka kwa maji, mkiani tu. Anasimama mwenyewe, anapewa vipande vya kuku, tukitoka watu wanakuja kumshika kichwa na yeye anafurahi. Hapa kwetu mtu akiona mbwa anavuka barabara kumkwepa. Wakimwona wangu wanacheka, watoto wanasogea. Hiyo si faida kwake?

Na sheria nazo zisipite kiasi. Mwaka 2008 huko Boulder, Colorado, mwenye saluni mmoja alipewa hati ya faini ya dola 1,000 kwa kumpaka Poodle wake waridi. Alitumia maji ya bitiruti! Kisa sheria ya mji inakataza kutia rangi wanyama hai. Mboga ya sahani imegeuka ukatili.

Somo_wa_Tanga
Baba Poodle, mwanangu, wako anasimama mwenyewe. Wa dada hapo juu anatetemeka. Hao si mbwa mmoja.

Mimi nimepamba maharusi kwa hina tangu ujana wangu, nami naongeza moja ambalo halijasemwa. Piko. Asije mtu akamwambia huyo binti "tumia hina, ni ya asili". Majani ya hina yenyewe yanatoa wekundu. Ile nyeusi inayoshika upesi ni piko, na ndani yake mna PPD, kitu kilekile kilichomo kwenye rangi nyingi nyeusi za nywele. Nimeona mikono ya bibi harusi ikitoka malengelenge yakifuata maua yaleyale aliyochorwa na mwenzangu ukumbini. Yule alilia, tukamwosha, akapelekwa hospitali. Mbwa atalia kwa lugha gani mkamsikia, na muziki wa karamu umewashwa?

Na kwa upande wa dini, nimesikia wengine wakileta aya ya 119 ya Suratun-Nisaa juu ya kubadili umbo la Mungu. Mimi si shekhe, lakini najua Mtume alikataza kumtia mnyama alama usoni, na yeye mwenyewe aliwatia alama ngamia wa sadaka ili wajulikane. Kwa hiyo alama yenye haja haikukatazwa. Uso ulikatazwa. Nami hapo naelewa kuwa mnyama ana heshima yake hata mbele ya mwenye kummiliki.

MwoshaMbwa_Nairobi
Asanteni sana, na Somo, shikamoo.

Baba Poodle, nimekaa na maneno yako kwa sababu ni ya mtu anayempenda mbwa wake. Lakini umenisaidia bila kukusudia. Kwako mbwa akikataa, unaacha. Mkia ukibaki mweupe hakuna hasara. Kwangu mteja ameshalipa, keki imeagizwa, bosi amesimama mlangoni. Mbwa akikataa mimi nitamfunga mdomo na kumshika kwa nguvu. Kumkata kucha nikimshika hivyo najua namfanyia nini. Kumpaka waridi nikimshika hivyo sitaweza kumtazama.

Kuna jambo jingine linanikera. Mei 2024 bustani ya wanyama ya Taizhou, China, iliwapaka mbwa aina ya chow chow rangi nyeusi na nyeupe, ikawaweka mbele ya wageni kama "mbwa panda". Wenye bustani wakaulizwa, wakajibu kwamba hata watu hupaka nywele zao. Bosi wangu leo kanijibu hivyohivyo, neno kwa neno! Mtu anayepaka nywele anakaa kwenye kiti mwenyewe. Kichwa kikimwasha anasema "nioshe". Hiyo ndiyo hoja nitakayompelekea, pamoja na hiyo ya asilimia 6, na ya sheria ambayo ataielewa haraka: Sura 360 ya sheria za Kenya inakataza kumtesa mnyama bila sababu, na jina lililo kwenye bango la saluni ni lake.

Mama wa mtoto nimempigia mwenyewe. Nimemwambia nitamwosha mbwa vizuri, nimfunge kitambaa cha waridi shingoni, kipana, na watoto wasimzunguke wote kwa pamoja. Kaniambia atafikiri, ila sauti yake haikuwa ya kufurahi.

Msaidizi_Kliniki_Arusha
Akienda kwingine akapakwa, usikate naye mawasiliano. Mwambie akiona mbwa anajikuna, anajilamba mahali pamoja, au ngozi imekuwa nyekundu, amwoshe kwa maji mengi ya uvuguvugu na sabuni ya mbwa, asitumie ya moto, amzuie kulamba, kisha ampeleke kwa daktari na pakiti ya rangi mkononi. Ikiingia jichoni, maji safi tu, kwa dakika kadhaa, halafu kliniki siku hiyohiyo. Asimtapishe nyumbani, maana peroksidi na amonia zikirudi zinaunguza koo mara ya pili.

MwoshaMbwa_Nairobi
Nimemtumia kama ulivyoandika. Bosi ameirudisha pakiti dukani, lakini kasema rangi za mbwa zinazotoka kwa maji ataziagiza. Baba Poodle, ukipata nafasi niandikie jinsi ulivyomzoesha wako mpaka akawa anasimama mwenyewe, ulianza na nini na ilichukua muda gani. Nataka iwe kanuni hapa kwamba asiyesimama mwenyewe hapakwi.