Wanaotengeneza majaketi ya mbwa wanatupiga hela na mbwa wetu wanaumia, nimechoka

Wakuu salaam. Naandika nikiwa na hasira kwahiyo mtanivumilia, uzi utakuwa mrefu.

Mi naishi Winnipeg, Kanada. Kwa msiopajua, huku Januari kufika nyuzi -30 ni kawaida, na hapo bado upepo haujavuma. Nina mbwa dume, Rhodesian Ridgeback, ile jamii ya kusini mwa Afrika, manyoya mafupi yaliyolala, hana ile sufi nzito ya ndani waliyo nayo akina Husky. Kwahiyo wale wa "mbwa na koti wapi na wapi, Mungu kampa manyoya yake" naomba mpite kimya. Husky na Malamute sawa, wale hata kwenye theluji wanalala. Huyu wangu akisimama nje kidogo tu anaanza kunyanyua mguu mmoja mmoja, anatetemeka mpaka meno yanagongana, na mbwa wa kilo 38 huwezi kumfungia apatimenti msimu wote wa baridi eti kwa sababu nje hakufai. Jaketi kwake sio urembo.

Sasa nimenunua jingine, dola 140 kabla ya kodi, kampuni siitaji maana sitaki kesi, lakini wengi wao ni walewale tu. Limefika, limeshonwa vizuri kwa macho, rangi safi, lina mfuko na lina KOFIA. Kofia jamani. Mbwa hiyo kofia anaivaaje na masikio yake yanayogeuka kila anaposikia kitu? Inabaki imening'inia shingoni inakusanya theluji, theluji inayeyuka, maji yanamshukia mgongoni. Hela ya kitambaa cha kofia wangeiweka tumboni, maana tumbo wameliacha wazi kabisa, wamepitisha mkanda mmoja tu wa lastiki. Tumbo la Ridgeback halina manyoya ya maana, na theluji ikiwa nyingi ndilo linaloburuzika.

Halafu wale wanaofunika tumbo nao wanafunika hadi kule nyuma kabisa, kana kwamba mbwa wote ni majike. Dume akinyanyua mguu kukojoa analowesha kitambaa, kwa baridi ya huku kile kitambaa kinakuwa kigumu kama ubao kabla hamjamaliza kuzunguka mtaa, na kimegusa ngozi yake. Ni kitu cha kukata kitambaa kiingie ndani kidogo tu upande wa nyuma, basi. Nani alikaa akachora hii kitu bila kumfikiria dume?

Lakini kilichonifanya nifungue uzi ni makwapa. Juzi tumerudi kutembea nikamvua, nikaona anajilamba kwapa bila kuacha, nikamlaza nikaangalia. Manyoya yametoka, ngozi nyekundu, kuna mstari unaofuata mshono ule ule wa jaketi, kama umechorwa kwa kalamu. Mshono wenyewe umepita palepale mguu unapokunjia, nao wameuacha na pindo nene la ndani bila kufunika kwa bitana. Fundi cherehani yeyote wa Kariakoo anajua kwapa ndipo nguo inaposuguana kuliko mahali pengine popote, hapo unapandisha mkato mbali na mwili na unalaza mshono nje. Hawa wameshindwa.

Na sio ngozi tu. Mbwa hana mfupa wa mtulinga kama wetu, bega lake limeshikiliwa na misuli, ndio maana akitembea lile bapa la bega linateleza mbele na nyuma sana. Sasa wewe ukipitisha mkanda mbele ya kidari ukalala juu ya ncha ya bega unamfupishia hatua, ukimwangalia kwa pembeni unamuona anatembea vihatua vifupi vifupi kama aliyefungwa kamba. Haya majaketi wanayajaribu kwa mbwa aliyesimama anapigwa picha. Mbwa wangu kazi yake ni kutembea, kukimbia, kunusa, kukojoa na kujigaragaza, hajasimama hata sekunde tano tangu nimjue.

Saizi nazo ni vituko. Unafungua chati unakuta wanapima kwa kilo. Kilo! Chukua Greyhound wa kilo 30 na Boxer wa kilo 30, mmoja shingo nyembamba mgongo mrefu kidari kimeshuka chini, mwingine shingo nene mgongo mfupi, halafu unawauzia nguo moja? Kipimo ni mzunguko wa kidari nyuma ya miguu ya mbele, halafu shingo, halafu mgongo kuanzia shingo inapoishia mpaka mkia unapoanzia. Vitatu tu, na tepu ya kupimia kila nyumba inayo.

Sijagusa tundu la hanesi, ile mikanda ya kifuani inayofungiwa kamba ya kumwongozea mbwa. Wamelitoboa karibu na shingo wakati ile pete ya hanesi nyingi iko katikati ya mgongo, kwahiyo kamba inavuta jaketi zima linapinda linahamia ubavuni. Na vifungio vya chini ni velkro, ambayo baada ya siku chache imejaa manyoya na theluji haishiki tena, au ni klipu ndogo za plastiki ambazo ukiwa na glavu nene huwezi kuzikamata, inabidi uvue glavu kwenye nyuzi -30 upapase chini ya tumbo la mbwa anayetaka kuondoka. Halafu saa kumi na moja jioni mwezi Disemba huku ni giza tayari, na riflekta wameweka nembo yao tu mgongoni ndogo kama stempu, dereva anayekuja kwa pembeni ataona nini?

Nikawaandikia, nikatuma picha za makwapa. Wakajibu nichukue saizi moja juu. Saizi moja juu mgongo unarefuka unafunika mkia, shingo inakuwa pana upepo unaingia mpaka tumboni, na mshono wa kwapa uko palepale. Nikaomba hela yangu, wakasema hawapokei kwa sababu lina manyoya ya mbwa. Jaketi LA MBWA lina manyoya ya mbwa, kwahiyo halirudi. Hapo ndo nikazima simu kwanza nikatoka nje kupumua.

Kwahiyo nauliza, kuna fundi humu yuko Manitoba, jimbo letu hili, au hata jimbo jirani la Ontario anayeweza kushona kwa vipimo? Kidari sentimita 84, mgongo 68, shingo 49. Nje kitambaa kisichopitisha maji ila kinachopumua, maana mbwa akikimbia anapata joto na hatoi jasho mwilini kama sisi, anahema tu, mkimvisha plastiki joto na unyevu wa theluji vinanaswa ndani, analowa, na hapo mmemuua kwa baridi. Pamba sitaki, ikilowa haikauki. Zipu iwe juu ya mgongo pembeni kidogo, na kipande cha kitambaa chini yake isije ikakamata manyoya. Nitalipa vizuri, njooni PM.

Nyongeza: mdau ameuliza viatu, maana chumvi ya barabarani inachoma nyayo. Waangalie wanaoendesha mbwa wa sleji, kile kigari cha kuteleza kwenye theluji, kule Alaska kwenye Iditarod, mashindano ya toka 1973, kama kilomita 1,600, na sheria inawataka wawe na viatu vinane kwa kila mbwa. Vyenyewe ni vifuko vya kitambaa kigumu na mkanda mmoja juu ya kifundo, basi. Na madume yao wanayafunga kinga tumboni ili uume usigande. Mimi sasa hivi natumia vifuko hivyohivyo. Vile vya soli nene vya dukani vinachomoka kwenye theluji, na mbwa hawezi kukunja vidole.