Nimeripoti kosa langu ndani ya dakika tano, bosi kaamuru nipigiwe makofi!

Wakuu, naandika bado mikono inatetemeka.

Yule bwana wa ghorofa ya tatu mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule anayepiga honi getini hata geti likiwa wazi. Leo kanidhalilisha mbele ya watu arobaini.

Ijumaa saa tatu asubuhi iliingia barua pepe ya msambazaji wetu wa matairi. Nembo yao, salamu zao zilezile, ankara imeambatanishwa. Nikafungua, ikaomba nywila, nikaweka. Ndipo nikaitazama anwani vizuri: ile "m" kumbe ni "r" na "n" zimebanana!

Nikachomoa waya wa intaneti, nikashuka ngazi mbilimbili mpaka kwa kijana wa IT. Dakika tano hazikuisha. Akabadilisha nywila, akafunga akaunti kila ilikokuwa wazi, akakuta wameshatega barua zangu zote za malipo ziwe zinakwenda kwao kimyakimya. Akafuta. Benki ikapigiwa simu. Haikutoka hata shilingi. Kijana akaniambia, "Dada, ungekaa nayo mpaka jioni tungekuwa tunalia."

Leo kwenye kikao cha Jumatatu: "Simama. Jamani, mpigieni makofi aliyemfungulia mwizi mlango."

Na wakapiga! Hadi mama anayeleta chai akaweka sinia chini akapiga, maskini, hajui hata ni ya nini.

Makofi! Miaka saba pale sijapigiwa makofi hata nilipolala ofisini kufunga mahesabu. Nimepigiwa siku niliyosema ukweli.

Sasa sikieni. Mchana jirani yangu wa meza, kompyuta yake inafungua madirisha yenyewe tangu wiki iliyopita. Namwambia nenda IT. Ananitazama: "Ili nipigiwe makofi?" Kachukua karatasi ya manjano ya kunata, kabandika pembeni ya skrini pale yanapotokea yale maonyo, anaendelea kuchapa malipo. Malipo, wakuu!

TCRA, wale wa mamlaka ya mawasiliano Tanzania, wanatuomba tutume namba za matapeli kwenda 15040, na hakuna anayekusimamisha kwanza akuulize kwa nini ulipokea ujumbe. Huyu wetu anataka tunyamaze mpaka siku akaunti ya kampuni itakaposomeka sifuri. Makofi yale bado nayasikia masikioni.

Mvuvi wa Kilwa: Pole mkuu. Ila mhasibu mzima unagawa nywila kama unamgawia jirani chumvi?

Mleta uzi: Nimeshasema nilikosea. Shida yangu ni MAKOFI.

Kitenge cha Bibi: Hahaha, mama wa chai kaniua. Aliweka sinia chini kabisa?

Mleta uzi: Chini kabisa. Karibu na miguu yangu.

Jembe Kali: Bosi wenu hajui kitu. Benki Kuu ya Bangladesh wezi walianza na barua pepe za watu wanaojifanya wanaomba kazi, wakatulia ndani ya mfumo, Februari 2016 zikaondoka dola milioni 81. Mtu mmoja tu angewahi kusema!

Mvuvi wa Kilwa: Tumetoka kwenye matairi tumefika Bangladesh.

Mama Wawili: Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka kampuni iiarifu Tume bila kuchelewa usalama wa taarifa za watu ukivunjwa. Atatoa taarifa gani na wafanyakazi kawaziba midomo?

Dereva wa Zamani: Afadhali wewe makofi. Mimi laptopu iliibiwa kwenye daladala, nikaripoti saa ileile, wakanikata mshahara miezi sita. Aliyefuata kuibiwa alikaa kimya wiki tatu.

Saa Kumi na Moja: Sisi nywila inabadilishwa kila mwezi, iwe na herufi kubwa, namba na alama. Ofisi nzima wameiandika chini ya kibodi.

Mleta uzi: Jamani, turudi kwenye makofi. Watu arobaini!

Kijana wa Nyaya: Mimi niko IT. Mnatutukana bure. Virusi mnatuletea baada ya mwezi, lakini birika likigoma tunaitwa mbio. Juzi nimeitwa kutengeneza feni.

Kitenge cha Bibi: Kumbe nyie mna feni? Sisi AC iko kwa bosi peke yake, na madirisha yetu yamepigwa misumari.

Dereva wa Zamani: Misumari? Ofisi au stoo?

Saa Kumi na Moja: Kafungue uzi wa AC.

Kitenge cha Bibi: Si ndio huu?

Mleta uzi: Wakuu...

Jembe Kali: Hiyo AC ya bosi wenu anaiweka digrii ngapi?

Kitenge cha Bibi: Kumi na sita. Halafu anavaa koti.